Fundi Ajibu: Boti yenye jina la gari, injini ni ya nani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na kaka yangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema Ferrari na Lamborghini waliwahi kuwa na boti za kasi, chache mno, na kwamba ndani yake mna injini ile ile ya gari. Mimi nasema ni nembo tu imebandikwa ubavuni ili bei ipande. Nani kasema kweli?
Msomaji, kidato cha sita

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako amesema kweli kuhusu boti mbili nitakazokusimulia hapa. Wewe umekaribia ukweli kuhusu nyingine nyingi. Nimefanya kazi ya injini za boti kwa miaka thelathini na minne, na hizo mbili ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa hiyo nitaanza nazo.

Ya kwanza inaitwa Arno XI. Mwenyewe alikuwa Achille Castoldi, Mwitaliano aliyekuwa akiwinda rekodi za mwendo juu ya maji. Alikwisha kuwa na boti kadhaa zenye jina la Arno, na hii ikaundwa na karakana ya Timossi, kwa mbao. Injini aliipata kwa Enzo Ferrari: silinda 12, lita 4.5, ya aina ya 375. Ukoo huo wa injini ndio uliompa Ferrari ushindi wake wa kwanza katika mbio za ubingwa wa dunia, pale Silverstone mwaka 1951, José Froilán González akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo haikuwa injini ya gari la kutembelea mjini, bali ya gari la mashindano. Kwa ajili ya rekodi ikaongezewa supachaja mbili, yaani pampu za kusukumia injini hewa zaidi, na kulishwa methanoli badala ya petroli.

Tarehe 15 Oktoba 1953, kwenye ziwa la Iseo, kaskazini mwa Italia, Castoldi alipita kwenye mstari kwa wastani wa kilomita 241.708 kwa saa. Hiyo ikawa rekodi ya dunia ya boti za uzito wa kilo 800. Tafadhali isome tena namba hiyo, kisha ukumbuke kwamba alikuwa juu ya mbao, miaka ya 1950, mwili wake uko wazi, na maji kwa mwendo ule ni magumu kama saruji. Boti za namna ile hazikati maji. Zinayagusa tu kwa pointi tatu, mabawa mawili ya mbele na rafadha ya nyuma, yaani panga linalozunguka majini na kuisukuma boti. Upepo ukiingia chini ya tumbo kupita kiasi, boti inapinduka kinyumenyume. Mimi siwezi kuitazama picha ya Arno XI bila kumfikiria yule mtu aliyekaa nyuma ya injini ile na masikio yake.

Baadaye Castoldi aliiuza kwa Nando Dell'Orto, naye akaendelea kushindana nayo. Mwaka 2012 ikanadiwa Monaco, ikaondoka kwa euro 868,000.

Ya pili ni ile iliyokaa ndani ya kisanduku changu cha spana kwa miaka mingi, yaani picha yake niliyoikata gazetini. Mwaka 1968 Ferruccio Lamborghini aliagiza boti kwa Carlo Riva. Kama hulijui jina la Riva, ni waunda boti wa mji wa Sarnico, na Sarnico upo ukingoni mwa ziwa lile lile la Iseo ambapo Arno XI ilivunja rekodi. Boti yao mashuhuri ni Aquarama, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962: mwili wa mahogani uliopakwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka unaona uso wako. Aquarama ya kawaida ilikuwa na injini mbili za silinda nane. Ferruccio hakuzitaka. Aliwapelekea Riva injini mbili za kiwandani kwake, silinda 12 kila moja, za ukoo wa gari lake la 350 GT, nguvu farasi 350 kila moja. Boti hiyo ni namba 278. Nyingine ya namna hiyo haipo. Mwendo wake ni noti 48 (noti ni kipimo cha mwendo wa vyombo vya majini), karibu kilomita 89 kwa saa.

Ferruccio alikaa nayo miaka ishirini, kisha akaiuza kwa rafiki yake, naye akazitoa zile injini za silinda 12 na kurudisha za silinda nane. Najua kwa nini mtu hufanya hivyo. Injini za silinda nane ni rahisi kuzitunza, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini iliniuma niliposoma. Halafu yule rafiki akafariki, boti ikabaki nje chini ya turubai kwa miaka. Mwaka 2010 Mholanzi mmoja mkusanyaji wa vitu adimu akainunua, na mafundi wa Riva-World nchini Uholanzi wakafanya kazi juu yake kwa miaka mitatu. Mbao zikakwanguliwa, zikapigwa tabaka 25 za vanishi, na injini mbili za Lamborghini zikatafutwa upya na kuandaliwa kwa maji. Waliishua mwaka 2013. Ile sauti ya silinda 24 zikinguruma pamoja ikarudi ziwani baada ya miongo miwili na zaidi.

Sasa nyingine. Mwaka 1990 hivi Riva na Ferrari walikubaliana, ikatoka Riva Ferrari 32, urefu wa futi 32, nyekundu, yenye mistari ya ubavuni kama ya gari la Testarossa na bawa kubwa nyuma. Ziliundwa chache, takribani 40. Ni boti ya kupendeza na inazidi noti 50. Lakini Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Fungua kifuniko cha injini: utakuta injini mbili za silinda nane za baharini, za nguvu farasi karibu 400 kila moja. Si za Ferrari. Hapo wewe umemshinda kaka yako.

Ila neno lako la "nembo tu imebandikwa" nalipunguza. Mchoro nao ni kazi. Mtu kuuchukua ubavu wa gari na kuufanya ubavu wa chombo kinachopigwa na mawimbi, ukabaki mzuri na usiyumbe, si kubandika.

SWALI: Fundi, mimi ni fundi mwenzako, lakini wa gereji ya magari. Nimekuwa nikijiuliza: injini ni injini. Kama ya gari ina nguvu zaidi, kwa nini isifungwe tu kwenye boti? Hawa wenye magari ya kifahari wanashindwa nini?
Fundi wa gereji

JIBU: Fundi mwenzangu, swali lako nililijibu kwa vitendo nikiwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa, nalo likanichoma mkono. Bosi wangu wa wakati ule alileta injini ya lori, nzima kabisa, akasema tuifunge kwenye boti ya mbao. Tukaifunga. Tukasahau, au tuseme hatukujua, kwamba mkono wa eksozi wa lori ni chuma kikavu kinachopozwa na upepo wa barabarani. Ndani ya boti hamna upepo. Dakika ya kumi na mbili ubao wa pembeni ukaanza kufuka moshi. Tulizima kwa ndoo, nami nikashika pale nisipopaswa kushika. Kovu ninalo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni joto. Gari lina rejeta na hewa inayokuja yenyewe. Boti inavuta maji ya nje kwa pampu, yanapita kwenye kipoza ambamo yanachukua joto la maji safi yanayozunguka ndani ya injini, kisha yanamwagwa ndani ya eksozi yenyewe ili moshi utoke ukiwa umepoa. Ule mkono wa eksozi lazima uwe na koti la maji. Na bomba lipandishwe juu kwanza kabla ya kushuka, la sivyo ukizima injini wimbi linasukuma maji nyuma mpaka ndani ya silinda. Nimeshafungua injini zilizokufa hivyo. Zilikuwa na maji kwenye oili, yenye rangi ya chai ya maziwa.

La pili ndilo wenzetu wa magari huwa hawaliamini mpaka walione. Gari la nguvu farasi 350 likiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Kuna mteremko, kuna kuachia mafuta, kuna taa nyekundu. Boti ikishainuka na kuteleza juu ya maji ni kama gari linalopanda mlima usio na kilele. Ukiachia mafuta, inakaa chini papo hapo. Injini inabeba mzigo mkubwa saa nzima bila kupumua. Bastola, vali na beringi za injini ya gari hazikupimwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana nawavulia kofia walioiandaa Aquarama ya Ferruccio. Injini ya 350 GT inapenda mzunguko wa juu, na rafadha inataka nguvu mapema, mzunguko ukiwa bado chini. Kuzipatanisha hizo mbili ni wiki za kujaribu rafadha hii na ile, gia hii na ile.

Halafu injini ni mbili. Kwenye boti ya injini mbili tunapenda rafadha zizunguke kinyume, moja kulia na moja kushoto, zisiivute boti upande. Na shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha rafadha, inashuka kwa mshazari, kwa hiyo injini imelala imeinamia nyuma. Sampo ya gari, lile bakuli la oili chini ya injini, iliyotengenezwa kukaa sawasawa inaweza kuacha pampu ikivuta hewa boti inapoinuka omo, yaani mbele. Mambo madogo haya ndiyo yanayoua injini ya bei ya nyumba.

Kuna na petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari unamwagika chini na kupeperuka. Kwenye boti unashuka ngamani, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa pale ukingoja cheche. Starta na altaneta za boti zimefunikwa zisitoe cheche nje, na kabla ya kuwasha unaendesha feni ya kunyonya hewa ya ngama kwa dakika kadhaa. Usimruhusu mteja wako yeyote aruke hatua hiyo, hata akiwa na haraka namna gani. Chumvi siiongezi, unaijua inavyokula aluminiamu.

Lamborghini wenyewe waliyaelewa haya vizuri, ndiyo maana baadaye walitengeneza injini za baharini hasa, silinda 12 kubwa kuliko za magari, zikatumika sana kwenye boti za mbio za daraja la kwanza. Tena ikatokea jambo ninalolipenda: gari lao la LM002, lile la jangwani, mteja aliweza kuliagiza likiwa na injini yao ya baharini ya lita 7.2. Safari hii injini ilitoka majini ikaenda nchi kavu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nasomea uchoraji wa vyombo na nataka siku moja nichore boti ya kasi. Naona za siku hizi kama Tecnomar for Lamborghini 63 na AM37 ya Aston Martin. Nianze kujifunza kwa ipi?
Msichana mchoraji

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hizo ulizozitaja uzitazame, zina mafunzo. Ile ya Tecnomar ilionyeshwa mwaka 2020. Imepewa namba 63 kwa sababu Lamborghini ilianzishwa mwaka 1963, na zilipangwa 63 tu. Mwili ni wa kaboni, injini ni mbili za dizeli za kampuni ya MAN, silinda 12 na nguvu farasi 2,000 kila moja, na inafika noti 60. Angalia jinsi kaboni ilivyofanya chombo cha futi 63 kiwe chepesi kiasi hicho. Kwenye AM37 ya mwaka 2016 angalia sitaha: vifuniko vya kaboni vinateleza na kuifunika sehemu yote ya kukaa kwa kubonyeza kitufe. Mchoraji aliyewaza hivyo alimwonea huruma mwenye boti, maana jua na maji ya mvua ndivyo vinavyoharibu viti.

Iangalie pia ya Frauscher na Porsche, 850 Fantom Air, iliyoanza na boti 25. Inatumia umeme, betri ya takribani kilowati-saa 100, na mota yake ni ya ukoo wa gari la Macan la umeme. Baada ya miaka mingi ya kuazima michoro tu, moyo wa gari umeingia tena majini, na safari hii hauna moshi wala mvuke wa petroli ngamani. Mimi nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Lakini kuanza, anza na Arno XI. Usianze na rangi yake nyekundu. Tafuta picha iliyopigwa ikiwa imeinuliwa juu ya maji, ichore kutoka chini: mabawa mawili, tumbo, pembe ya shafti, mahali rafadha inapokaa. Chora hewa inapoingia na inapotokea. Ukishamaliza niletee mchoro huo gazetini, na uandike pembeni kwa namba mahali unapodhani uzito wa injini umekaa. Nitaupima kwa rula yangu na kukujibu.