Maswali na Majibu: Upweke Katika Michoro ya Wino ya Kichina

Swali: Mbona sehemu kubwa ya michoro hii huachwa tupu? Je, kazi haijakamilika?

Imekamilika. Mahali palipoachwa peupe huwa maji, ukungu au anga, kutegemea kilichochorwa kando yake. Katika mchoro maarufu unaonasibishwa na Ma Yuan, mchoraji wa enzi ya utawala wa Song nchini China, mvuvi mmoja ameinama ndani ya mtumbwi na mawimbi machache yamechorwa kuuzunguka. Ziwa lililobaki halikuguswa kabisa na brashi, na hapo ndipo upweke wake unapohisika.

Swali: Upweke huo ni huzuni?

Si lazima. Mchoraji Ni Zan (1301–1374) alichora vibanda visivyo na mtu kandokando ya maji, na kwangu michoro yake ina utulivu kuliko majonzi. Bada Shanren (1626–1705) ni habari nyingine: alizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Ming, akawa mtawa baada ya utawala huo kuanguka, na samaki aliowachora wakikodoa macho juu wamebeba uchungu usiofichika.

Swali: Kwa nini wasitumie rangi za mafuta?

Wapo wanaozitumia. Lakini karatasi ya xuan, inayotengenezwa katika jimbo la Anhui, China, kwa maganda ya mti na mabua ya mpunga, hufyonza wino papo hapo, na kosa halifutiki wala halifunikiki.

Swali: Wachoraji wa zama zetu wanaongeza nini?

Gao Xingjian, mwandishi na mchoraji aliyehamia Ufaransa mwaka 1987 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2000, bado humweka mtu mdogo mweusi peke yake katikati ya mwanga wa kijivu. Li Huasheng (1944–2018) wa Sichuan, aliyeanza kwa kuchora mandhari, aliiacha milima akawa anachora kwa mkono mistari myembamba inayokatizana kama wavu, karatasi nzima. Ukiisogelea, utaona mstari ukinenepa, ukikonda na kutetemeka kidogo, kwa hiyo unaweza kufuatilia mwendo wa mkono uliofanya kazi hiyo kwa subira kubwa bila kusimulia chochote. Naamini Li amefika mbali kuliko Gao, kwa sababu hakuhitaji kumchora mtu mpweke: ametuonyesha upweke wenyewe ukifanya kazi.