Jibu: Dada, usikiguse kifuniko cha manjano

Usiagize vifuniko vyeusi. Kama umekwisha kutoa arubuni, iache ipotee, kwa kuwa itakuwa hasara ndogo mno ukiilinganisha na hii ninayokusimulia. Umeandika kwamba unatengeneza achari ya embe hapo Malindi kwa mwaka wa nne sasa, kwamba wateja wako hawabanduki, na kwamba unataka kujua ni kitu gani humfanya mtu ashikamane na bidhaa moja miaka nenda miaka rudi, ili ukitumie kitu hicho kuingia katika hoteli za Watamu. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo la kuchekesha tu, kuwa watoto wanaotumwa dukani huiita «achari ya kifuniko cha manjano», na kwamba mbunifu wako amekushauri uweke kifuniko cheusi, jina la Kizungu na chupa nyembamba. Dada yangu, swali lako umelijibu mwenyewe pale ulipowataja hao watoto, na hukutambua. Mimi pia sikutambua, na ndiyo maana jibu hili ninaliandika nikiwa nimeegemea maboksi ya mifuko ya rangi ya fedha ambayo hakuna anayeitaka.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, na kazi yangu ni viungo vya pilau. Mchanganyiko ni wa mama yangu: bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, vikikaangwa bila mafuta hadi vianze kunukia, kisha vikitwangwa siku hiyo hiyo. Tulianza mwaka 2011 kwa kuvifunga katika karatasi ya kaki iliyokunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi mwekundu. Uzi huo haukuwa na hekima yoyote ndani yake. Mama alikuwa fundi cherehani na alibakiwa na vigurudumu vingi vya uzi wa rangi hiyo baada ya kazi moja ya mapazia, basi. Juu ya karatasi tuligonga muhuri wenye jina la biashara, jina nililolitafuta kwa wiki mbili na kujivunia kama mtu aliyetunga utenzi. Kufikia mwaka 2018 tulikuwa tukipeleka pakiti kama 600 kwa mwezi katika maduka ya Langoni, Mkomani, Shela na ng'ambo ya Mokowe.

Hapo ndipo alipotokea mshauri. Simtaji, na wala hahitaji kutajwa, kwa sababu watu wa aina yake wanafanana kama mikate ya mofa: kompyuta ya mapajani, viatu visivyofaa kutembelea katika vichochoro vyetu, na uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuinjika sufuria ya pilau tangu azaliwe. Aliishika pakiti yangu kwa vidole viwili akasema kwamba karatasi ya kaki ni ya kufungia njugu, kwamba mali yangu «haina sura», na kwamba mteja wa leo hununua kwa macho. Nilimlipa kwa maneno hayo. Nikamlipa tena achore nembo. Kisha nikaagiza mifuko 3,000 ya fedha yenye kidirisha cha plastiki, maana kiwanda hakikukubali oda ndogo zaidi, na nikaenda kulisajili jina jipya KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kwa hiyo sasa nina haki ya miaka 10, inayoweza kuhuishwa, juu ya jina ambalo hakuna mja anayelitaka. Na kwa kuwa ninakusimulia ukweli wote, niongeze kwamba katika pilikapilika hizo nilipunguza iliki, ambayo ni ghali kuliko vingine vyote, nikijiambia kwamba hakuna atakayegundua. Hilo lilikuwa wazo langu mwenyewe na siwezi kumbebesha mshauri, ingawa nimejaribu mara kadhaa.

Mfuko mpya uliingia madukani wiki mbili kabla ya Ramadhani, yaani msimu ambao sisi hutegemea kuliko mwingine wowote. Siku ya nne nilikuwa nimesimama nyuma ya magunia ya mchele katika duka moja la Langoni, nikisubiri kuhesabiwa fedha zangu, alipoingia mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui. Aliuchukua mfuko, akaugeuza mbele na nyuma, akautazama ule uzi uliokuwa haupo, kisha akauinua hadi puani. Haukunukia kitu, kwa sababu mfuko ule umetengenezwa usipitishe hewa, na mshauri alikuwa amenieleza sifa hiyo kwa furaha kubwa.

«Ile ya uzi mwekundu imekwisha?» akauliza.

«Ni hii hii, mama. Wamebadilisha mfuko tu,» akajibu mwenye duka.

«Aliyebadilisha mfuko hakosi kubadilisha na vilivyomo,» akasema, akaurudisha mahali pake, akaomba apimiwe bizari nyembamba na iliki nzima ili akatwange mwenyewe nyumbani.

Nilibaki nyuma ya magunia kama mwizi wa kuku. Mama yule alikuwa amesema kweli kuhusu iliki bila hata kuufungua mfuko. Ndiyo mara ya kwanza nilipofahamu kwamba katika miaka saba hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa akiniomba kwa lile jina la muhuri. Bidhaa yangu ilikuwa na jina lake, walilolitunga wao, nami nilikuwa nimelikata kwa mkasi.

Mwezi ule tuliuza mifuko 140. Hata hivyo, hiyo bado si hasara kubwa niliyokuahidi. Hasara kubwa ilikuja baada ya Idi, pale mtu mwingine mwenye biashara kama yangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifunga viungo vyake katika plastiki ya kawaida, alipoona nafasi imeachwa wazi akanunua karatasi ya kaki na uzi mwekundu. Sikuwa na cheti cha kumzuia nacho, kwa sababu mimi nilikuwa nimesajili kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa na thamani. Katika mwezi wa tatu tangu nibadilishe mfuko nilizinduka, nikamrudia mama anipe vile vigurudumu vilivyosalia, nikarudisha iliki yote na karatasi yote, nikazunguka madukani kuwaambia watu kwamba tumerudi. Dada yangu, niliambiwa kwamba ninaiga. Kijana mmoja wa duka la Mkomani aliniuliza mbele ya wateja kama siogopi kufunga mali yangu kwa uzi wa mtu mwingine.

Huwa watu wakisikia kisa hiki wananiliwaza kwa habari ya Coca-Cola. Ni kweli kwamba mwezi Aprili 1985 kampuni ile ilibadilisha ladha yake huko Marekani baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000, wengi wao wakaipenda ladha mpya, na hata hivyo umma ukaghadhibika kiasi kwamba baada ya siku 79 ikalazimika kuirudisha ile ya zamani. Lakini wao walirudi nyumbani wakaikuta nyumba tupu ikiwasubiri. Mimi nilirudi nikamkuta mpangaji. Mfano unaokuhusu zaidi ni wa juisi ya Tropicana, mwaka 2009, kwa maana hao hawakugusa hata tone la juisi: waliondoa tu picha ya chungwa lililochomekwa mrija wakaweka gilasi, na katika muda wa wiki chache mauzo yakashuka kwa asilimia 20, wakairudisha boksi ya zamani. Mnunuzi hakusema kwamba boksi mpya ni mbaya. Alipita tu mbele ya rafu na jicho lake likakosa mahali pa kutua.

Mshauri aliniambia kwamba uaminifu wa mteja ni mapenzi, na kwamba ni lazima nimsimulie hadithi ili anipende. Mimi sasa ninasema si mapenzi hata kidogo, ni woga wenye akili. Fikiria mwanamke aliyealika watu 40 kwenye arusi ya mwanawe: nyama imegharimu maelfu, mchele maelfu, na viungo vyangu ni shilingi 50 kwa pakiti. Akibahatisha viungo asivyovijua, hataokoa kitu, na pilau ikiharibika ataaibika mbele ya wakwe hadi kufa. Kwa hiyo hununua kile ambacho hakijawahi kumwangusha, na hukitambua kwa alama iliyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu mara nyingi anayekwenda dukani si yeye bali ni mtoto wa miaka sita mwenye sarafu mkononi. Mtoto huyo hasomi nembo. Anaagizwa uzi mwekundu, au kifuniko cha manjano, na akikosea anarudishwa. Akiwa mkubwa ataendelea kununua kile kile, wala hatakumbuka ni nani aliyemfundisha.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, litazame kabati la mama yako. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa limekuwa likiuza leso tangu mwaka 1887, na maua na misemo yake hubadilika kila msimu, kwa sababu mwanamke anataka leso mpya. Lakini maneno «Mali ya Abdulla» hayaondoki, na wanawake wa kwetu hukitafuta kwanza kiandiko hicho kwenye kitambaa kabla hata ya kusoma jina la leso, wakijua kwamba rangi haitachuja. Wale wanabadilisha kila kitu isipokuwa kile anachokishika mnunuzi. Mshauri wangu alifanya kinyume chake, na alikuwa na risiti.

Kuhusu kadi za pointi ulizouliza, zile za kumzawadia mteja kila anaponunua, sioni mtoto wa miaka sita akitembea na kadi. Kulikuwa na swali jingine, nadhani la bei, lakini nikiukumbuka ule mwezi wa Ramadhani mengine yote hunitoka.

Basi fanya hivi kabla hujamjibu mbunifu. Chagua maduka matatu yanayouza achari yako, ukae katika kila moja asubuhi nzima bila kujitambulisha, na uandike neno kwa neno jinsi kila mtu anavyoiomba. Usiwaulize, kwa maana ukiwauliza watakupa jibu la adabu, wasikilize tu. Neno litakalojirudia kuliko mengine usiliguse, hata hoteli zote za Watamu zikikuahidi oda, na kama zinahitaji chupa nyembamba basi watengenezee yao kando, yenye kifuniko hicho hicho. Halafu hicho kifuniko ukipeleke KIPI pamoja na jina, ukaulize kama rangi na umbo lake vinaweza kusajiliwa, kabla jirani yako hajaiona nafasi. Ukimaliza niandikie hapa ulichokisikia. Na ukikosa mahali pa kuhifadhia kunde, nina mifuko ya fedha 2,700 isiyopitisha hewa, naweza kukuwekea katika basi la Mokowe kesho. Mdudu haingii, hilo mshauri alisema kweli.