Toleo Jipya Litoke Wakati wa Mbalamwezi

Ninajitolea kwenye mradi mdogo wa programu huria ya kutunza hesabu za dagaa hapa Kigoma. Makatibu wa mialo, yaani sehemu za ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, na akina mama wanaonunua dagaa na kuwaanika, huandika kwenye simu mzigo ulioingia, bei ya siku na nani anadaiwa na nani. Msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha, na hakuna anayelipwa. Vijana wanaotaka kuanzisha mradi kama huu huuliza sana watumie lugha gani ya kuandikia programu. Swali ninalotamani waulize kwanza ni hili: kasoro zikiwa nyingi na mikono ikiwa michache, ipi itangulie, na toleo litoke lini?

Kuhusu kasoro, msimpe kipaumbele anayepiga kelele zaidi. Mtumiaji mwenye bando la kutosha ataripoti rangi ya kitufe mara tatu kwa wiki, na yule ambaye deni lake limefutika simu ilipozima chaji huenda asiseme kitu, akarudi kwenye daftari lake la karatasi. Ndiyo maana kasoro inayopoteza au kubadilisha kumbukumbu za mtu huwa ya kwanza kwetu, hata ikiripotiwa na mtu mmoja tu. Deni likipotea, watu wawili wanakosana pale mwaloni, na hakuna kitufe kizuri kitakachowapatanisha.

Inasaidia kutenganisha uzito wa kasoro na haraka ya kuirekebisha. Programu kujifunga yenyewe mtu anapoweka tarehe ya mwaka 1970 ni kasoro nzito, ila hakuna anayeandika mauzo ya mwaka huo, kwa hiyo inaweza kungoja. Jina la samaki "migebuka" likikosewa kwenye ukurasa wa kwanza, uzito wake ni mdogo, lakini kila mvuvi ataliona kabla ya kitu kingine chochote na atajiuliza kama waliotengeneza wanalijua ziwa lake. Hiyo irekebishwe leo.

Debian, mfumo wa kompyuta unaojengwa na watu wa kujitolea tangu 1993, una madaraja saba ya uzito wa kasoro, na kasoro za madaraja matatu ya juu huhesabiwa kuwa kizuizi cha toleo. Kundi la watu wachache halihitaji saba. Sisi tunayo matatu: inayozuia toleo, inayofaa kuingia toleo hili, na inayoweza kungoja. Mkianza kubishana kama kasoro ni ya daraja la nne au la tano, muda wa kuirekebisha ndio unaliwa.

Halafu kuna jambo ambalo miradi ya mishahara hailijui. Mtu wa kujitolea hapangiwi kazi, anaombwa. Ukimwandikia mwenzako "hii ni yako, Ijumaa iwe tayari", atanyamaza, na ukimya huo utaumiza mradi kuliko kasoro yenyewe. Mweleze nani anaumia na wapi, kisha umuulize kama ana nafasi. Akisema hana, mshukuru na uiondoe kasoro kwenye jina lake siku hiyohiyo ili mwingine aione. Na kasoro ambayo mnajua hamtaigusa, ifungeni kwa maelezo ya heshima. Aliyeripoti anastahili jibu, hata likiwa hapana.

Sasa tarehe. Kuna miradi inayofuata kalenda: Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, hutoka kila Aprili na Oktoba, na kipengele kisichowahi husubiri toleo linalofuata. Debian wao husema toleo litatoka likiwa tayari. Kwa mradi mdogo ninashauri kalenda, maana neno "likiwa tayari", mahali ambapo kila mtu ana kazi nyingine ya kumlisha, huweza kuwa mwaka mzima. Tarehe ikae palepale, vipengele ndivyo vipungue.

Ila kalenda ya nani? Yetu tumeichukua ziwani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika, na katibu wa mwalo anapata nafasi ya kuweka toleo jipya, kulijaribu na kutupigia simu likimkwaza. Kwa hiyo tunatoa toleo wakati wa mbalamwezi, karibu na tarehe 14 ya mwezi mwandamo, na kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatutosha kupanga mwaka mzima. Giza likirudi na mitumbwi kuanza kuingia alfajiri, hatutoi kitu isipokuwa marekebisho ya kasoro nzito. Kazi kubwa ya kubadilisha namna data inavyohifadhiwa tuliiweka kwenye miezi ambayo ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Wiki moja kabla ya toleo tunafunga mlango. Vipengele vipya havipokelewi, na maneno ya kwenye skrini hayabadilishwi tena, kwa sababu wanaotafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa wanahitaji maandishi yaliyotulia. Hapo ndipo utabembelezwa: "kaka, ni mistari miwili tu." Kataa kwa upole. Mistari miwili iliyoingia jana haijajaribiwa na mtu yeyote.

Namba za matoleo ziwe tatu, kama ilivyozoeleka: ya mwisho ipande kwa marekebisho, ya kati kwa vipengele vipya, ya kwanza pale tu mambo ya zamani yanapoacha kufanya kazi.

Na mkumbuke kwamba huku watu hupeana programu simu kwa simu, bila kupakua upya, ili kuokoa bando. Toleo la zamani litaishi muda mrefu kuliko mnavyodhani. Kabla ya kutangaza, chukueni simu ya bei nafuu yenye toleo la zamani na madeni ya kweli ndani yake, wekeni jipya juu yake, kisha hesabuni madeni moja baada ya jingine. Likikosekana hata moja, toleo lisubiri mbalamwezi ijayo.