Bado Ni Mtoto: Majibu kwa Wazazi wa Mabinti Weusi Marekani

Binti yangu wa kwanza ana miaka 12. Shule inataka abaki kwenye programu ya masomo hadi saa kumi na mbili jioni. Nani atawapokea wadogo zake nikiwa kwenye zamu ghalani? – Mama wa watano, Louisville

Pole kwa mzigo, mama. Zamu za ghalani nazijua. Lakini huyo si yaya, ni mwanafunzi. Ninakojitolea jioni tuna msichana wa darasa la saba, mwepesi wa hesabu kweli, ambaye kila baada ya dakika chache huchungulia simu chini ya meza: mdogo wake kashuka kwenye basi? Maharage yameepuliwa? Hesabu inabaki nusu, penseli mkononi. Tunamsifu kuwa "keshakuwa mama", na sifa hiyo inamla.

Nenda ukaseme shida yako shuleni. Uliza kama wadogo zake nao wana nafasi. Serikali kuu ina mfuko wa programu za jioni, 21st Century Community Learning Centers, unaolenga hasa shule zenye watoto wa familia za kipato kidogo. Ukinyamaza, wataandika tu kwamba mtoto hahudhurii. Na kama kati ya hao watano kuna mvulana mkubwamkubwa, naye ana mikono.

Programu hizi ni za kulipia?

Swali hili linarudi kila mwezi. Nyingi ni bure, nyingine zina ada. Imeandikwa kwenye fomu, isomeni kabla ya kuijaza. Ulizeni na chakula cha jioni, maana vituo vingi vinakitoa bila malipo.

Binti yangu wa miaka 13 kasimamishwa masomo siku mbili kwa "utovu wa adabu". Nimemtoa na kwenye klabu ya roboti ili ajifunze. – Baba, Columbus

Mrudishe klabu wiki hii hii, baba. Umemwadhibu mara ya pili kabla hujajua kosa. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2017–18 zinaonyesha wasichana weusi walikuwa asilimia 7.4 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini asilimia 13.3 ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wa 2017 ulikuta watu wazima huwaona wasichana weusi, tangu umri wa miaka 5, kuwa wakubwa kuliko wenzao weupe na wasiohitaji sana kulindwa. Swali la binti mweusi huitwa ujeuri.

Dai maelezo kwa maandishi: alisema nini, kwa nani? Na kama Kiingereza kinakusumbua, usimfanye binti mkalimani kwenye kesi yake mwenyewe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaibana shule inayopokea fedha za serikali kuu impe mzazi mkalimani, tena bure.

Mwalimu wa programu ya shule anasema shanga kwenye misuko ya binti yangu "zinasumbua". Nimfumue? – Mama, Dallas

Usimfumue. Tangu Septemba 2023 jimbo lenu la Texas lina sheria iitwayo CROWN Act, inayokataza shule kubagua kwa sababu ya misuko na mitindo mingine ya nywele inayohusishwa na rangi ya mtu. Ila usiibebeshe kila kitu: Februari 2024 jaji wa huko huko aliamua kwamba haizuii shule kuweka kanuni ya urefu wa nywele. Kwa hiyo omba kanuni yenyewe iliyoandikwa, usome wanakataza nini hasa. Kisha keti na binti, akuambie ni maneno gani aliambiwa mbele ya wenzake, uyaandike pamoja na tarehe, uende nayo kwa mkuu wa shule. Uende wewe, yeye abaki darasani.