Pugu hadi Salender kwa kufuata mto? Futa huo mpango

Mkuu, futa kabisa. Umeandika kwamba Jumamosi hii ya Aprili unawabeba washkaji sita, mnashukia Pugu asubuhi, mnaingia bonde la mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, na "kufuata mto tu" mpaka daraja la Salender, mto unapoingia baharini. Kisha unauliza viatu gani, maji kiasi gani, kama drone inaruhusiwa, na wapi pa kula mkifika mjini. Suala la kula liache, maana mjini hamfiki.

Hiyo kauli ya "fuata mto, mto haupotezi mtu" naijua inakotoka. Kuna hawa waongozaji wa matembezi wa magrupu ya WhatsApp wanaoimba wimbo huo kila msimu, na mmoja wao aliniuzia mimi pia, pamoja na ramani aliyoichora kwa kidole kwenye simu. Msimbazi wenyewe anaujua kwa kuuchungulia dirishani mwa daladala akipita darajani. Kiatu changu cha kushoto kilibaki huko, nadhani saa hizi kimeshafika Unguja, kitembee salama.

Piga hesabu. Kutoka vilima vya Pugu hadi baharini mto unazidi kilomita 30. Kwenye njia iliyonyooka mtu hutembea kilomita 4 kwa saa. Ndani ya mto kuna mchanga unaomeza kifundo cha mguu, matete, magogo, na kuvuka huku na huku kila kona, kwa hiyo ukipata kilomita moja na nusu kwa saa umejitahidi sana. Hizo ni saa 20 za kutembea. Aprili jua linazama saa 12 na dakika 20 hivi, na ndani ya nusu saa ni giza totoro.

Hapo bado sijagusa maji. Aprili ni masika. Mvua inaweza kupiga Kisarawe wakati nyinyi mko chini huku Ulongoni mnaota jua. Ardhi imeshashiba, mitaa imejaa mabati na zege, hivyo maji hayana pa kuzama, yote yanakimbilia bondeni. Ndiyo maana barabara ya Jangwani hufungwa hata siku ambayo Kariakoo kumenyesha manyunyu tu. Ukiwa mtoni angalia hivi: maji uliyokuwa unaona mchanga chini yake yanageuka rangi ya chai ya maziwa, povu na vijiti vinaanza kupita katikati ya mkondo, halafu ndipo unasikia mvumo. Ukisikia mvumo umeshachelewa. Povu la kwanza likipita, toka, panda ukingo hapohapo ulipo, usisubiri kivuko kizuri mbele. Maji ya magotini yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, na ukianguka na begi mgongoni kusimama ni kazi.

Kuna mashimo pia. Mchanga unachimbwa sana huko, shimo likijaa maji linaonekana sawa na pale pa kifundo cha mguu. Shika fimbo inayofika kifuani, choma mbele kabla ya kila hatua. Ikizama bila kugusa, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, usijaribu kuzunguka. Kingo nazo zimeliwa kwa chini. Ukiona ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo, au nyasi zimeinamia mtoni, kaa mita mbili nyuma, hata kama picha ingependeza. Na kuanzia Vingunguti kushuka, penye machinjio na mabwawa ya majitaka, usitie mguu kabisa, hasa ukiwa na mchubuko.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine sahau: tembea mgongoni mwa kilima, usitembee mtoni. Ukipotea, panda. Bondeni mtandao unakata, huoni mbele zaidi ya kona inayofuata, na kila korongo linafanana na jirani yake. Juu unapata mtandao, unasikia treni au magari ya barabara ya Kisarawe, na unajua umeelekea wapi. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini lazima uwe mahali simu inatoka.

Mkitaka kuliona bonde, liangalieni hivi. Gongo la Mboto pandeni daladala ya Kisarawe, shukeni kwenye hifadhi ya Pugu Kazimzumbwi, lipeni kiingilio cha TFS (wakala wa misitu wa serikali) na mchukue mwongozaji wa palepale. Saa 1 asubuhi muwe mmeshaanza. Kushuka bondeni tumieni mabega ya kilima yenye njia iliyokanyagwa, msiteremke ndani ya korongo, maana korongo linakushusha kwa urahisi kisha linakufikisha kwenye ukuta wa udongo usiopandika. Pandeni kwa njia ileile mliyoshukia. Saa 6 mchana mnageuka, hata kama bwawa la Minaki linaonekana pale mbele. Lita tatu za maji kila mtu, na pakiti mbili za ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye begi. Raba zenye meno, kandambili hapana, kwa sababu ule udongo mweupe wa kaolini ukilowa unateleza kama sabuni. Mapango ya popo msiingie bila mwongozaji na kofia ngumu, dari linamomonyoka.

Tangazo la kwenye grupu libadilishe leo kabla watu hawajatuma nauli: Pugu kwenda na kurudi, basi. Na huyo aliyekwambia ufuate mto, mwambie atangulie yeye.