Maswali ya transfoma: waya hazigusani, umeme unavukaje?

Nimefungua transfoma ya redio ya zamani. Waya zinazoingia hazijaungana popote na zinazotoka. Umeme unapitia wapi?

Haupiti. Kinachovuka ni usumaku. Mkondo ukizunguka kwenye koili ya kwanza, yaani waya wa kuingilia uliozungushwa mara nyingi, hujenga uga wa sumaku ndani ya kile chuma cha katikati. Uga huo ukibadilika, koili ya pili inazaa volti yake. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliliona hilo London mwaka 1831, akiwa na koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Alipounga betri, sindano ya kipimo upande wa pili ilicheza. Ikatulia, ingawa betri ilikuwa bado imeungwa. Alipoikata, ikacheza tena, kinyume. Wengi darasani hukariri kucheza kwa sindano na kusahau kutulia kwake, na siri iko hapo: sumaku isiyobadilika haizai umeme. Uwezo wa koili moja kuamsha volti kwenye jirani yake huitwa indaktansi ya pamoja, nao hupimwa kwa henri.

Basi nikiiunga kwenye betri ya gari, volti 12 hazitapanda?

Utapata moshi. Betri hutoa mkondo mnyoofu. Baada ya ule mshtuko wa mwanzo hakuna kinachobadilika. Koili ya pili iko kimya, na ya kwanza imebaki waya mtupu wenye ukinzani mdogo, mkondo unapanda hadi vanishi inayoufunika waya inaungua. Inveta huugeuzageuza kwanza mkondo wa betri, ndipo inaupeleka kwenye transfoma.

Kama inapandisha volti, si umeme wa bure huo?

Hapana. Volti zikipanda mara 20, mkondo unashuka mara 20, na kidogo kinapotea kama joto.

Transfoma ya mtaani kwetu inanguruma usiku kucha. Italipuka?

Mngurumo ulio sawasawa ni wa kawaida. Umeme wetu ni wa herzi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na uga hufika kileleni mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo bati za chuma hutanuka na kusinyaa mara 100 kwa sekunde. Usiku mnausikia zaidi kwa sababu mtaa umetulia. Mkisikia mlio wa kupasukapasuka au mkiona mafuta yanavuja, kaeni mbali na mpige simu shirika la umeme. Mafuta hayo hupooza koili na kuzuia umeme usiruke. Wanaoyaiba wanaiua transfoma yenyewe. Na tafadhali, msikaangie chipsi.

Shangazi amenitumia blenda ya Marekani: volti 120, wati 700.

Nunua transfoma ya kushusha, wati 1,000 au zaidi. Ila haibadilishi herzi, na kule wanatumia 60. Blenda nyingi hazijali. Saa ya ukutani ya kule inayofuata herzi za umeme, hata ukiishushia volti, itahesabu dakika 50 kwa kila saa nzima.