Bastola ya bei nafuu: uliza risasi kabla ya kuuliza bei

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Newala. Ana duka la jumla na uwakala wa kutuma pesa, anafunga usiku, na baada ya miezi mingi ya kupanda na kushuka kati ya ofisi ya kijiji na polisi, kibali chake cha kumiliki silaha kimetoka. "Mjomba, nimepata rivolva. Kuna mzee anaiuza rahisi sana. Nilipie?" Nikamuuliza inatumia risasi gani. Akanijibu, "Za bastola, mjomba."

Nilimwambia asitoe hata shilingi. Jibu kama hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, na liliniumiza.

Silaha yangu ya kwanza niliinunua Lindi kwa warithi wa mzee aliyekuwa amefariki. Makaratasi yalikuwa safi: baada ya mazishi familia iliikabidhi polisi, ikakaa kwenye ghala lao mpaka taratibu za kuihamishia kwangu zilipokamilika. Ilikuwa Webley ya Kiingereza, ile inayovunjwa katikati kama shotgun, kaliba (kipenyo cha mtutu) .38. Bei ilikuwa ya kutupa. Nikasafiri hadi Dar es Salaam, nikanunua risasi zilizoandikwa .38 Special kwenye boksi, na muuzaji hakuniuliza chochote. Nilipofika nyumbani hazikuingia. Zilikwama nusu, maganda yamejitokeza nje ya silinda, lile gurudumu lenye vyumba vya risasi.

Namba ni ile ile, risasi ni mbili tofauti. Bastola zile za jeshi la Uingereza za miaka ya 1930 na za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zinatumia .38 S&W, ambayo ganda lake ni fupi na nene kidogo, karibu milimita 20. Ganda la .38 Special ni jembamba zaidi na lina karibu milimita 29. Ile fupi nilikuja kuipata kwa shida kubwa, tena ghali. Kile nilichookoa kwenye bei ya bastola kiliisha chote kwa nauli na kusubiri.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Baadhi ya bastola hizo kuukuu zilichongwa vyumba vya silinda na mafundi ili zimeze .38 Special. Zitaimeza kweli, lakini ganda jembamba ndani ya chumba kipana huvimba, na linaweza kupasuka mkononi mwako. Toa risasi zote, chungulia ndani ya kila chumba. Panapaswa kuwa na ngazi ndogo pale ganda linapoishia. Ukiona chumba kimenyooka kama bomba, mrudishie mwenyewe.

Hata kaliba ndogo zina mitego yake. Chumba cha .32 S&W Long kinapokea .32 S&W fupi, lakini Long haiingii kwenye bastola ya fupi. Ya .22 Magnum ni pana kuliko .22 ya kawaida, kwa hiyo usikubali mtu akuambie "zote ni ishirini na mbili". Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu. Kama yamesuguliwa hayasomeki, au namba ya silaha imefutwa, ondoka hapo. Namba iliyofutwa ni kesi ya jinai, na itakuwa yako.

Nisisitize hapa, kwa sababu najua vijana wananisoma. Kwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kibali kinatangulia ununuzi, na makabidhiano yanapita polisi. Anayekwambia mmalizane kwanza chini ya mkorosho halafu makaratasi yafuate, hata kama ni ndugu yako, mwache.

Sasa chuma chenyewe. Hakikisha silinda ni tupu, hesabu vyumba kwa kidole. Vuta nyundo nyuma polepole sana huku ukisikiliza. Kabla nyundo haijasimama kabisa, silinda iwe imeshajifunga mahali pake. Rudia kwa kila chumba, kimoja kimoja, usiridhike na viwili vya mwanzo. Kisha vuta triga huku ukiishusha nyundo polepole kwa kidole gumba, endelea kuishikilia triga na ujaribu kuitikisa silinda. Kucheza kidogo ni kawaida, kugonga kama jino bovu si kawaida. Silinda isiyokaa sawa na mtutu hunyoa risasi pembeni, na vipande vya risasi humrukia mpigaji usoni na mikononi. Kwa ya .22 usifyatue nyundo ikiwa tupu, maana kipini cha kupigia risasi hugonga ukingo wa chumba na kuubonyeza. Weka maganda yaliyokwisha kupigwa ndipo ujaribu.

Kati ya silinda na mtutu kuna uwazi. Mimi hutumia karatasi za daftari: mbili zikipita kwa kubana, sawa. Nne zikipita kwa ulaini, hiyo imechoka.

Beba pia sumaku ya spika mbovu ya redio. Bastola nyingi za bei ya chini kabisa, kama Röhm za zamani za Ujerumani, zina fremu ya zinki ya kumimina, na sumaku haishiki. Alumini nayo haishiki na iko nzuri, ila ikiwa bastola haina jina la kiwanda kinachojulikana na sumaku inateleza, mimi sinunui.

Mwisho weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, chungulia kwa mbele. Huku kwetu Mtwara, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa bahari una chumvi, na risasi nyingi za zamani za kijeshi ziliacha chumvi nyingine ndani ya mtutu. Utaona vishimo vyeusi kama ndui. Wauzaji wengi huleta silaha ikiwa ndani ya mfuko wa ngozi iliyokaa humo miaka. Ngozi hunyonya unyevu, na upande uliolala kwenye ngozi ndio huliwa. Itoe, igeuze. Ukishanunua, paka mafuta, ihifadhi kwenye kasha la chuma lenye kufuli, nje ya ngozi. Na kama ni ya zamani isiyo na kizuizi cha nyundo, chumba kilicho chini ya nyundo kiache kitupu, kwa sababu ikianguka sakafuni inaweza kulia yenyewe.

Mpwa wangu alirudi kwa yule mzee na maswali haya kwenye daftari. Ni .32 Long, mtutu safi, makaratasi yapo. Chumba cha nne hakijifungi. Ameiacha, na mzee ameahidi kuipeleka kwa fundi silaha.